Maji Yaliyowaka

Nilikuacha, ndugu msomaji, mlangoni pa chumba changu kule Kitwe, katika kambi ya wachimbaji wa shaba, nina sahani ya ugali mkononi na mtu wa kwetu amesimama mbele yangu, kofia amevua. Alikuwa ametoka Mbozi. Hata sijamkaribisha, akasema: "Anania, nyumba yenu imeungua."

Nikamwuliza, mama je? Akasema yu hai. Mke wangu? Hai. Mtoto? Hai. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakasikia.

Ndipo akaongeza lile lililoniangusha sahani.

"Lakini watu wanasema ni maji yaliyowaka. Mkeo alimwaga maji chunguni, maji yakashika moto, moto ukapanda darini."

Hapo ndipo nilipokomea. Leo nasema yaliyobaki, na sidhani kama utanipenda nikimaliza.

Katika kambi ile nzima wachimbaji walimzunguka yule mgeni wakishangaa. Maji yanawakaje? Mimi sikushangaa. Nilikaa kitandani, kwa sababu nilijua.

Chini ya mgodi tulimulikia taa za kabidi. Kabidi ni mawe ya kijivu. Ukiyatia maji yanachemka, yanatoa hewa inayonuka kama kitunguu saumu, na hewa hiyo ikikutana na moto inalipuka. Mwanga wake ni mweupe, unaumiza macho.

Nilikuwa naiba kabidi. Kidogo kidogo, mfukoni, mpaka nikajaza kopo kubwa la bati. Nilitaka siku nitakayorudi Mbozi niwashe taa ambayo pale kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Nilitaka watu wasimame njiani waulize, kwa Anania kumezidi nini?

Barnaba, rafiki yangu wa Tunduma, alipomaliza mkataba wake nikampa lile kopo alifikishe kwa mama. Barnaba anaogopa askari kuliko simba. Ningemwambia ni mali ya mgodi, asingeligusa.

Nikamwambia ni chokaa.

* * *

Jioni ile watu wa Tanganyika walikuja chumbani kwangu. Ndivyo tulivyoishi ugenini: wa kwenu akipatwa, umepatwa. Mmoja alileta sufuria. Mwingine alileta gauni la mkewe. Kefa, aliyekuwa mkubwa wetu, alileta blanketi lake, na nilijua hana la pili.

"Chukua," alisema. "Mama yako analala wapi saa hizi?"

"Kaka Kefa, hili ni lako."

"Nitajifunika koti. Chukua."

Nikachukua. Akanitazama kwa huruma, akauliza polepole, "Wewe habari hiyo ya maji unaiamini?"

Ningesema pale pale. Walikuwa wachimbaji wote, wangeelewa kabla sijamaliza. Lakini niliona kazi yangu inaondoka, nikaona pingu, nikaona Kefa ananyoosha mkono kuchukua tena blanketi lake.

"Sijui, kaka," nikasema. "Watu wa nyumbani wanasema mengi."

Asubuhi nikaomba ruhusa, nikapanda lori la mizigo.

Njia nzima nilikaa juu ya magunia, mvua inanipiga, nimekumbatia blanketi la Kefa. Dereva alikuwa Mbemba mcheshi. Tulipofika Nakonde akaniita bwana kwa Kibemba, "Mukwai, wewe umelia tangu Mpika. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unalia nini?"

Nikashuka na blanketi. Nikavuka mpaka kwa miguu.

* * *

Barnaba alikuwa Tunduma, kibarazani pake, anapima chumvi. Aliponiona aliacha kibaba kikaanguka.

"Anania! Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Niambie ulivyolifikisha lile kopo."

Akashangaa. Hakutegemea nianzie hapo.

"Nililifikisha vizuri. Nikamkabidhi mama yako mwenyewe. Nikamwambia, Anania anasema hii ni chokaa, isiguswe mpaka aje yeye."

"Ulisema isiguswe?"

"Nilisema! Mbele ya mkeo nilisema. Mkeo akaitikia. Lakini mama yako alicheka. Akasema, mwanangu anakuja Pasaka, aje akute nyumba nyeusi kwa moshi na chokaa ipo ndani? Akasema atapaka kuta kabla hujafika, uikute nyumba inang'aa."

Nikakaa chini, pale pale juu ya chumvi yake.

Mama alitaka kunifurahisha. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo walikorogea chokaa ndani, karibu na jiko la mafiga. Chokaa nayo huchemka ikitiwa maji, kila mtu pale misheni anajua, kwa hiyo walipoona inachemka hawakuogopa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvua. Nilikuwa nayaona yote kama nilikuwemo.

"Anania," Barnaba aliita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile ilikuwa chokaa kweli?"

Nikamtazama usoni.

"Chokaa," nikasema. "Ingekuwa nini?"

Aligeuza uso. Kisha akainama akaanza kuizoa chumvi yake, na hakuniuliza tena. Wala hakunikaribisha chakula, na Barnaba si mtu wa kumwacha mgeni aondoke na njaa.

* * *

Nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta nusu, nyeusi, na mibuni ya upande wa nyuma imekauka kwa joto. Mdogo wangu Yonasi alikuwa anachomoa nguzo zilizoungua. Alinikumbatia, akalia begani kwangu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa masizi, ikaniachia alama kwenye shati la Kitwe.

"Kaka, umefika. Sasa tutamaliza jambo hili."

"Jambo gani?"

"La mkeo."

"Nesta yuko wapi?"

"Tumemweka kwa baba mdogo, jikoni, asizunguke. Baba yake tumemwita, ametoka Kamsamba, amefika jana. Kesho tunakaa."

"Tunakaa kumfanyia nini?"

Yonasi alinitazama kana kwamba nimesahau lugha.

"Kaka, alimwaga maji, yakawaka. Mama aliona kwa macho yake mwenyewe, na ndicho kitu cha mwisho alichokiona."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa.

"Unasema nini, cha mwisho?"

"Hawajakwambia? Mama haoni, kaka. Macho yameungua."

Nilikimbia mpaka zahanati ya misheni. Nilimkuta mama amekaa kitandani, kichwa chote kimefungwa vitambaa vyeupe, umebaki mdomo. Nilisimama mlangoni. Yeye akageuza kichwa.

"Anania."

"Umejuaje, mama?"

"Mtoto akikimbia mamaye anajua. Njoo."

Nikapiga magoti. Akanipapasa uso, pua, masikio, akacheka kidogo.

"Umenenepa. Wanakulisha. Mwanangu, nisamehe. Nilitaka uikute nyumba nyeupe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Niliuma blanketi la Kefa, lile nililomletea, ili sauti isitoke.

"Chokaa yako nzuri ulitutumia kwa upendo," akaendelea, "yule akaifanyia mambo. Nilikuwa nimeinama nakoroga. Akamwaga maji, nikasikia harufu mbaya, kisha mbele yangu pakawa kama jua. Mwanangu, umekaa na mtu usiyemjua."

"Mama..."

"Sema, mwanangu."

Mganga wa zahanati akaingia kubadili vitambaa, akaniambia nitoke. Nikatoka haraka. Nilitoka kama mfungwa aliyefunguliwa.

* * *

Kikao kilikaa uani, mbele ya zile kuta, baada ya ibada. Mzee wa kanisa alisema mapema kwamba kanisa haliingii katika maneno ya uchawi, akachukua fimbo yake akaenda zake. Wengine tukabaki.

Baba mdogo Andongwisye ndiye aliyeongoza. Ni mpole, hajawahi kunipigia kelele tangu utoto wangu. Upande wa pili alikaa baba mkwe wangu, Boazi, miguu imejaa vumbi la Kamsamba, amempakata binti yangu Lusungu. Mtoto alinitazama kama anavyotazamwa mgeni. Nilipoondoka alikuwa anatambaa.

Nesta walimkalisha peke yake chini, katikati.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa majani ya mgomba mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba naye aliungua.

"Mama Lusungu," baba mdogo alisema, "eleza tena, mumeo asikie."

Nesta hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi.

"Baba Lusungu, nilimwambia mama tungoje. Nilimwambia, Barnaba kasema isiguswe. Akasema, leta maji. Mkwe akisema leta maji, utafanya nini? Nikaleta. Nikamwaga. Ikachemka, ikanuka, moto ukaruka kutoka kwenye mafiga mpaka chunguni. Basi. Sijui zaidi ya hapo."

"Moto unarukaje kwenda kwenye maji?" Yonasi alifoka. "Moto unakimbia maji! Hata mtoto anajua!"

"Sijui, shemeji. Ndiyo nasema sijui."

"Na wewe uliponaje?"

"Sikupona," Nesta alisema, akainua ule mkono.

Watu wakanung'unika. Baba mdogo akatuliza, kisha akanigeukia. Alifanya hivyo kwa heshima, kama mtu anayemwuliza mwanawe aliyesoma.

"Anania, sisi hapa hatujatoka. Wewe umetembea nchi, umeshuka chini ya ardhi, umefanya kazi na wazungu. Tunakuuliza wewe, na utakalosema tutalishika. Umewahi kuona maji yakawaka?"

Nilimsikia Lusungu akikohoa mapajani mwa babu yake.

Msomaji, nimeulizwa maswali mengi maishani. Hakuna lililokuwa rahisi kama lile. Neno lilikuwa moja, ndiyo, na mke wangu angeinuka pale akiwa mtu.

Nikatazama zile kuta. Nikamtazama Yonasi na masizi yake. Nikafikiria mama akiambiwa: mwanao ndiye. Aliiba, akadanganya, akakutumia giza ndani ya kopo.

"Sijawahi," nikasema.

Nesta aliinamisha kichwa. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyekuwa anashikilia kamba, kamba ikakatika.

Baba mdogo alisema yaliyosemwa siku zote katika mambo kama hayo: mwanamke arudi kwao, ng'ombe wa mahari watazungumzwa baadaye, mtoto aende na mama yake kwa sasa kwa kuwa nyumba haipo. Boazi alisimama, akampandisha Lusungu mgongoni.

"Nilimleta hapa msichana," alisema. "Namrudisha mchawi. Ahsanteni, wakwe."

Wakaondoka. Nesta hakuchukua chochote. Hakuwa na cha kuchukua, vyote vilikuwa majivu.

* * *

Yonasi aliniwekea mkono begani. "Umefanya vema, kaka."

Nikautoa mkono wake, nikaanza kukimbia.

Niliwapata mbali, njia inapoanza kuteremka kuelekea nchi ya joto. Boazi alisikia miguu yangu, akageuka na fimbo.

"Unataka nini tena?"

"Baba, nataka kusema na Nesta."

"Ulikuwa naye pale. Ulisema."

"Niliongopa."

Fimbo ikabaki hewani. Nesta naye akageuka.

Nikasema yote, njiani, nimesimama, mvua ndogo inaanza. Kabidi. Taa. Wizi. Kopo. Chokaa. Nilisema kwamba yale maji hayakuwa na kosa wala yeye hakuwa na kosa, na kwamba nilijua tangu Kitwe, kabla sijapanda lori.

Nilidhani atalia. Nilidhani labda atanipiga, na nilitamani anipige.

"Tangu Kitwe," alisema.

"Ndiyo."

"Na leo, baba mdogo alipokuuliza?"

"Nilijua."

"Nilipoinua mkono wangu ukauona?"

"Nesta, nisamehe."

"Umeniuliza niliunguaje?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ndugu zako hawakuniuliza. Mama yako hakuniuliza. Nilidhani wewe utauliza. Niliingia kumtoa, Baba Lusungu. Nilikuwa nimeshatoka nje, nikarudi. Nikamshika miguu, nikamvuta mpaka mlangoni, paa linaanguka. Huu mkono ni wa kumtoa mama yako."

Boazi alimweka mtoto chini. Akanyoosha fimbo kule tulikotoka.

"Twende," alisema. "Tunarudi sasa hivi. Utasema pale pale uliponyamaza, mbele ya wale wale."

"Ngoja, baba," Nesta alisema. "Wale watangoja. Kwanza akaseme kwa mama. Na mimi niwepo. Nataka nisikie akisema kwa mdomo wake, asije akaniambia amesema."

"Nesta, mama ni mgonjwa," nikasema. "Tumngoje apate nguvu kidogo."

Alinitazama, na ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe.

"Sawa," nikasema. "Twende."

* * *

Boazi na mtoto walibaki nje ya zahanati, chini ya upenu. Mimi na Nesta tukaingia. Nilitembea mbele, yeye nyuma yangu, na sakafu ile ya saruji ilikuwa baridi chini ya miguu yake isiyo na viatu, iliyosikika kwa shida.

Mama alikuwa amejifunika lile blanketi. Alisikia viatu vyangu, akatabasamu.

"Anania. Umekuja na nani? Nasikia mtu."

Nikamwangalia Nesta. Alikuwa ananingoja mimi.

"Ni..." Nikakaribia kitanda. "Mama, nina neno."

"Ni yule binti wa dawa? Njoo, binti, njoo karibu." Mama alinyoosha mkono hewani, ukitafuta. Nesta alisita. Kisha, sijui kwa nini mpaka leo, akampa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Mama akaushika kwa mikono yake miwili, akauweka kifuani.

"Una mkono wa baridi. Unanituliza," alisema. "Kaa hapa. Anania, wale watu wamemaliza? Yule mwanamke ameondoka?"

"Mama, nisikilize..."

"Maana sipati usingizi, mwanangu. Nikilala tu anarudi. Watu wanadhani ni moto ninaouogopa. Si moto. Ni yeye. Nyumba inawaka, mimi niko chini, nasikia ananishika miguu. Ananivuta. Nashika nguzo, yeye ananivuta tu, ana nguvu kama mwanamume. Alikuwa ananirudisha motoni, Anania. Mpaka leo nasikia kucha zake."

Akaukaza mkono wa Nesta kifuani pake.

"Niambie ameondoka. Usiniache hivi. Sema."

Nesta hakuuvuta mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na macho yake hayakutoka usoni mwangu.

Nikafungua mdomo.